Nani Apewe Mgongo?

Wenye masikio wasogee, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Ndeanasia, mjane wa Machame, alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Elinami alijaliwa mikono: angebeba mayai ndani ya gunia yasivunjike. Manka alijaliwa macho, akayapeleka kazini, chumba cha picha cha hospitali. Aikande, kifungua mimba, alijaliwa kumbukumbu; alilolisikia halikumtoka, hata lile ambalo wakubwa walitamani alisahau.

Siku moja Ndeanasia aliinama kufunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Hakuanguka. Mgongo ulilia ka, akashindwa kuinuka. Majirani wakamwita shangazi mmoja mkandaji, naye akaja na mafuta yake.

"Shangazi, hukandi usichokiona," Elinami akamzuia. Aling'oa mlango wa jikoni, akamlaza mama juu yake, akamfunga kwa kanga. Yeye na wenzake wakauteremsha hadi barabarani bila kumtikisa, gari likampeleka hospitalini kwa Manka. Baadaye daktari alisema kipande cha mfupa kilikuwa kimeelekea kwenye neva. Angekandwa, miguu ingekufa.

Eksirei ilionyesha pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea. Kwa umri wake, madaktari wakasema, ni uzee au saratani. Ndeanasia akageuza uso ukutani, akaanza kuwaza ng'ombe atabaki na nani.

Manka hakuridhika. Aliomba mama aingizwe kwenye mashine ya sumaku, ile ya MRI, kisha akazikazia macho zile picha.

"Tazama, daktari. Pingili mbili zimeliwa, na mto laini ulio kati yake nao umeliwa. Saratani kwa kawaida huuruka."

"Basi huenda ni vijidudu," daktari akakubali. "Ila picha hainiambii ni vya ugonjwa gani. Mama, umewahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu?"

"Sijawahi."

"Na baba mdogo Kisaka, aliyeugulia kwetu?" Aikande akauliza taratibu.

"Kisaka aliuawa na baridi. Ukoo mzima unajua."

"Baridi gani inayotibiwa kwa vidonge vya kugeuza mkojo rangi ya chungwa?"

"Kumbe ulikuwa ukichungulia mikojo ya watu?"

"Nilikuwa namwaga kopo, mama. Wewe ulikuwa unamlisha."

Baridi lilikuwa neno ambalo ukoo ulikubaliana kufunikia aibu, na kwa kulirudia sana, Ndeanasia mwenyewe alikuwa amelisadiki. Daktari, aliyevijua vidonge hivyo kuwa vya kifua kikuu, akachukua kipimo kwenye pingili zilizoliwa. Kweli, kilikuwa kifua kikuu cha mifupa, maradhi yenye dawa.

Ndeanasia alizimeza dawa hizo hadi mwisho, akasimama wima. Mbuzi akachinjwa. Katika ukoo wao, aliyemwinua mgonjwa hupewa mgongo wa mbuzi, mzima, naye ni mtu mmoja tu.

"Bila mimi mngempiga picha mtu aliyepooza," alisema Elinami.

"Bila mimi angekuwa anasubiri kufa kwa saratani asiyo nayo," alisema Manka.

"Bila mimi," alisema Aikande, "mngekuwa bado mnatafuta ni vijidudu gani, na mama anawaapia ni baridi."

Wote wakacheka. Jirani akashauri ukatwe vipande vitatu.

"Thubutu," alisema Ndeanasia. "Nyumba hii imeshavunja mgongo mmoja, unatosha."

Akalishika sinia lenye mgongo wa mbuzi, moyo mweupe, akawatazama wanawe mmoja mmoja, asijue aanze kumgeukia yupi.

Haya, mliosogea: sinia lina moto, na mikono ya mama inachoka. Ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?