Pimbi na Kibuyu cha Kura

Hapo zamani za kale, wanangu, Kiboko alikuwa akishinda nchi kavu kama wanyama wengine, tena yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bwawa. Alikunywa wa kwanza, akaoga, akayavuruga maji. Wenzake wakabaki na tope.

Kila uchaguzi, wanyama walitumbukiza makokoto kibuyuni: jeusi la Kiboko, jeupe la mpinzani. Kisha Kasuku, karani wake, alikibeba kibuyu hadi nyumbani kwa Kiboko, akahesabu peke yake, akatoka akipiga kelele, "Yote meusi, mzee! Wanakupenda!"

Na Kiboko, maskini, aliamini.

Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, hakuwa na nguvu. Alikuwa na mkaa na jabali. Kila asubuhi aliandika habari za bwawa jabalini, na hakuna aliyekwenda kunywa kabla ya kupita kusoma.

Mwaka ule Bi Kanga aligombea. Asubuhi ya kura, jabali likasomeka: LEO KIBUYU HAKITAFUNGULIWA MBELE YETU. KIBOKO ANAOGOPA.

Puu! Puu! Puu! Ardhi ikatetemeka. Kiboko huyo!

"We Pimbi! Nani anaogopa?"

"Shikamoo, mzee. Nimeandika ninavyojua."

"Na ikiwa ni uongo?"

Pimbi akageuka nyuma. Watoto wake walikuwa wakichungulia kwenye mwanya wa jabali.

"Ikiwa ni uongo, nikanyage."

"Mmesikia wenyewe!" Kiboko akanguruma.

Kura zikapigwa. Tang'! Tang'! Hadi kokoto la mwisho. Kasuku akakirukia kibuyu.

"Kiache!" Kiboko akamkemea. "Kitafunguliwa hapa hapa, Pimbi aonekane mwongo."

"Lakini mzee... desturi yetu... twende ndani, kuna kivuli."

"Kwani hawanipendi?"

Kasuku angesema nini, na miaka yote wimbo wake ulikuwa ule ule?

"Wanakupenda sana, mzee."

"Basi mwaga!"

Kiboko akamwekea Pimbi mguu mgongoni. Uzito kidogo tu, na mbavu zikalia kwi! Pimbi akafumba macho. Nawaambia kweli, aliogopa. Hakuwa amehesabu kura ya mtu. Alikuwa amezitazama nyuso za wenye kiu, basi.

Chwaa! Makokoto yakamwagika.

Jeupe. Jeupe. Jeupe. Jeusi. Jeupe. Jeupe mpaka mwisho.

Jeusi lilikuwa moja tu, wanangu, na Kasuku naye alikuwa amepiga kura!

Kisha sauti nyembamba ikatoka chini ya mguu:

"Mzee, kibuyu kimefunguliwa. Kweli nimesema uongo, na nilitaka uniumbue hivi hivi, mbele ya wote. Nikanyage."

Kiboko akatazama huku na huku. Nyati alikuwa amesogea. Pundamilia alikuwa amesogea. Bi Kanga akapita katikati yao, akasimama mbele ya ule mguu mkubwa.

"Ondoa mguu, bwana Kiboko. Mwenyekiti sasa ni mimi."

Mguu ukainuka polepole. Kiboko akageuka, akakimbia, chubwi! Akazama hadi masikioni kwa aibu, na mpaka leo hapendi kutoka majini mchana. Pimbi akajikung'uta vumbi, akatambaa hadi jabalini, akaufuta uongo wake kwa mkono.

Nanyi shikeni hili: aaminiye sifa za karani wake, humwaga kibuyu chake mwenyewe.