Mwanya wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu maana leo sina nguvu za kupaza sauti, Bi Pimbi aliishi na wanawe kwenye mwanya wa majabali. Mwanya huo ndio uliokuwa njia pekee ya kutoka mbugani kwenda mtoni. Maskini, hakuuchagua. Alizaliwa hapo tu.

Asubuhi moja, du! du! du! Wakaja Kifaru na Nyati, wakubwa wa Umoja wa Pembe, na jeshi lao nyuma.

"Hodi! Tumekuja kukulinda dhidi ya Fisi!"

"Fisi hajanigusa, Bwana Kifaru."

"Atakugusa! Akiushika mwanya huu, sote tutakufa kiu. Nyumba yako ndiyo ngao yetu."

"Na mimi ni nani kwenu?"

"Rafiki mpendwa!" akasema Nyati, akajibwaga pwaa! juu ya jabali ambalo watoto wa Bi Pimbi huotea jua.

Sasa, pimbi asipoota jua la asubuhi, mwili haupati joto hata la kutafuna jani. Watoto wakawa wanatetemeka kutwa. Kitinda mimba, Kidawa, akaacha kula.

"Bwana Nyati, sogea kidogo. Mwanangu anakufa kwa baridi."

"Vumilia, Bi Pimbi. Si tunakulinda?"

Bi Pimbi akachoka kuomba. Ugomvi hakuuweza, lakini alijua kitu kimoja: wanyama wakubwa hutia mipaka kwa kinyesi. Neno watalibishia, kinyesi hawakibishii. Akawatuma wanawe wakubwa, wakaokota kinyesi cha Fisi, kile cheupe, wakakirundika kwenye Kilima cha Miiba, ambako hakuna njia yoyote.

Kisha akawaambia wageni, "Jamani, msiende Kilima cha Miiba. Kunanuka."

Nani asingekwenda? Kifaru akafika, akanusa. "Lo! Fisi ametia mpaka! Ana njia ya pili ya mtoni! Twendeni huku!"

Du! du! du! Wakaondoka wote.

"Na mimi rafiki mpendwa je?" akauliza Bi Pimbi.

"Nani?" akajibu Nyati, bila kugeuka.

Watoto wakapanda jabalini. Kidawa akaota jua, akatafuna jani moja, akaomba jingine. Bi Pimbi akafumba macho.

"Hodi!" Alikuwa Fisi na kundi lake. "Tumesikia Kifaru ameondoka. Tumekuja kukulinda!"

Bi Pimbi hakufumbua hata jicho.

"Karibuni," akasema. Kisha akamnong'oneza mwanawe mkubwa, "Haya, kaokote kinyesi cha Kifaru."

Ndiyo hivyo, wanangu: aliyejenga kwenye njia ya wakubwa hakosi walinzi, hukosa usingizi.