Kichuguu cha Mdomo Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Naona waliojibu ni watoto tu. Na nyinyi wakubwa mliokaa nyuma? Nyinyi mnaopandisha programu zenu kwenye klasta moja, lile kundi la kompyuta linalotumiwa na wengi, kontena zenu, hivyo vifurushi vya programu, zikibanana na za wenzenu, asubuhi mnakuta kazi ya mtu imefutika, mnasema ni bahati mbaya? Ngano hii ni yenu hasa. Paukwa!

Pakawa!

Angalau sasa mmeamka. Sikilizeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kichuguu. Kikubwa, si kidogo. Kirefu kuliko twiga, kipana kuliko zizi la ng'ombe. Wajenzi wake walikuwa mchwa. Wakazi wake walikuwa wanyama wa kila aina. Wanyama waliwalinda mchwa asije mhanga kuwala, na mchwa waliwajengea wanyama vyumba. Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano.

Na utaratibu wao ulikuwa huu. Kichuguu kilikuwa na mdomo mmoja. Ukitaka chumba, unasimama mdomoni, unataja jina la chumba, unasema kiweje. Basi. Mchwa hawaulizi wewe nani. Mchwa hawaulizi kwa nini. Wanasikia jina, wanashuka. Kwaru, kwaru, kwaru. Kama jina halipo, wanajenga chumba kipya. Kama jina lipo, wanakigeuza kile kile kiwe kama ulivyosema sasa hivi.

Msiwacheke. Ulikuwa utaratibu mzuri. Ukuta wako ukipasuka, unarudi mdomoni, unarudia maneno yako yale yale, mchwa wanaziba ufa. Uliwafaa wote walipokuwa wachache.

Walipokuwa wachache, nimesema.

Nguchiro alikuwa na watoto watatu, hata macho hawajafungua. Kiangazi kilikuwa kikali, ardhi inaunguza nyayo. Akaenda mdomoni, akasema, "Chumba cha Chini. Kiwe na ubaridi. Mlango uwe mwembamba, nipenye mimi tu." Mchwa wakashuka. Kwaru, kwaru, kwaru. Chumba kikawa. Watoto wakalala humo. Mama akitoka kuwinda, akirudi anawakuta. Akitoka, akirudi, anawakuta.

Siku moja akaja mkazi mpya, Nungunungu. Bwana mkubwa. Miiba mgongoni, cha, cha, cha, kila mtu apishe. Alikuja na mizizi yake ya kula, anataka ghala. Akafika mdomoni. Hakuuliza ni vyumba gani vipo. Hakuuliza nani anaishi wapi. Alitaka ghala liwe chini, basi akaliita kama lilivyomjia kichwani.

"Chumba cha Chini. Kiwe kikavu, kiwe na joto. Mlango uwe mpana, miiba yangu isikwame. Na kusiwe na kitu ndani."

Mchwa wakasikia jina. Jina wanalijua. Wakashuka. Kwaru, kwaru, kwaru. Wakaziba matundu ya hewa baridi. Wakapanua mlango. Mle ndani wakakuta vitu vidogo, vina joto, vinalia. Wameambiwa kusiwe na kitu. Wakavibeba kimoja kimoja, wakaviweka nje, juu ya lundo la udongo, juani.

Angani kipanga alikuwa akizunguka.

Nguchiro akarudi na panzi mdomoni. Akaona lundo. Panzi akamdondoka. Akakimbia, jamani, akakimbia. Akambeba wa kwanza, akamsukuma kichakani. Akarudi, akambeba wa pili, akamsukuma kichakani. Akarudi.

Vuu.

Wa tatu hakumwahi.

Nyamazeni kidogo hapo.

Nguchiro hakulia. Alikwenda mdomoni akarudia maneno yake yale yale. Mchwa wakashuka, wakatoa mizizi ya Nungunungu, puu, puu, wakabana mlango, wakafungua matundu. Nungunungu akaja juu, akarudia maneno yake. Mchwa wakashuka, wakaziba, wakapanua. Nguchiro akarudia yake. Nungunungu akarudia yake. Jenga, bomoa. Bomoa, jenga. Kufikia alasiri kichuguu kizima kikaanza kutoa nyufa, na udongo ukawamwagikia hata wasiohusika. Hapo sasa ndipo wasiohusika walipoona jambo hili ni zito.

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti alikuwa Ngiri, mwenye Chumba Kikuu, mnene wa shingo na mnene wa maneno. Wengine wakataka mchwa wafukuzwe, na hawakusema nani atajenga. Wengine wakataka mchwa wakatae jina lolote ambalo tayari lipo. Mmoja akauliza, basi ukuta wangu ukipasuka nitauzibaje, na wazo hilo likaachwa. Nungunungu akajitetea kwamba hakujua, kwamba hakukusudia, na kwamba akina mama wa siku hizi wana maneno mengi. Wapo waliocheka. Ngiri akakoroma, akajipangusa matope, akatoa hukumu.

"Mama Nguchiro, pole. Lakini na wewe nawe. Chumba cha Chini, jina gani hilo? Yeyote angelitumia. Ungebuni jina gumu, haya yasingetokea. Na desturi yetu inajulikana, aliyesema mwisho ndiye mwenye jina. Nungunungu kasema mwisho. Tusonge mbele."

Mmesikia hayo? Mtoto kaliwa, na mkosaji ni mama yake, kwa sababu hakubuni jina gumu. Yule aliyekuja baadaye na jina lile lile, yeye hakuulizwa kwa nini hakubuni. Aliyepoteza ndiye anayehojiwa. Kila mara ndiye anayehojiwa.

Nguchiro akasimama. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Aliyesema mwisho ndiye mwenye jina. Nimekusikia vizuri, Mwenyekiti?"

"Umenisikia."

Akawauliza na wengine. Wote wakasema wamesikia.

Akageukia mdomo wa kichuguu. "Chumba Kikuu. Kiwe na ubaridi. Mlango uwe mwembamba, nipenye mimi tu. Na kusiwe na kitu ndani."

Kwaru, kwaru, kwaru.

Yakatoka matandiko ya nyasi ya Ngiri. Puu. Likatoka gogo lake la kujikunia. Puu. Mkutano ukaangua kicheko. Kisha wakatoka watoto wake wawili, wanono, wakipepesa macho juani, wamewekwa juu ya lundo. Kicheko kikakatika. Ngiri akatazama juu. Wote wakatazama juu. Kipanga alikuwa bado anazunguka.

Lakini Nguchiro alishafika kwenye lundo. Alisimama kando ya wale watoto, manyoya yamemsimama, macho angani.

"Usiogope, Mwenyekiti. Wa kwako nipo mimi kuwaangalia. Wa kwangu hawakuwa na mtu."

Ngiri akamuuliza, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, anataka nini.

"Chumba chako sikitaki. Hilo jina gumu pia silitaki. Chumba changu kiko chini, nina haki ya kukiita Chumba cha Chini, na huyu naye ana haki hiyo hiyo. Kosa ni kutupanga wote kwenye mdomo mmoja halafu mkangoja tugongane. Kila ukoo upewe mdomo wake na upande wake. Litakalosemwa mdomoni kwa Nguchiro liishie upande wa Nguchiro. Na vitu vya wote, kama bomba la hewa linalopita katikati ya kichuguu, vibaki mdomo mkuu. Huko mtu aanze na jina la ukoo wake, ndipo ataje jina la kitu. Na kabla hajataja, aulize kama kipo."

Wakakubali. Mchwa wakaambiwa, na siku hiyo hiyo wakatoboa midomo, kila ukoo na wake. Matandiko ya Ngiri yakarudi ndani, na watoto wake pia.

Nungunungu akamfuata Nguchiro, miiba imelala. "Dada, kweli sikujua."

"Kujua kulikuwa swali moja tu," Nguchiro akamjibu, "na mdomo unao."

Nungunungu akaenda mdomoni kwake, akaagiza Chumba cha Chini, kikavu, kina joto. Nguchiro akaenda mdomoni kwake, na wale wawili wake. "Chumba cha Chini. Kiwe na ubaridi. Mlango uwe mwembamba." Kisha akaongeza, "Kitoshe watoto watatu."

Mchwa wakashuka. Mchwa hawaulizi kwa nini.

Vyumba viwili, jina moja, na hakuna kilichokigusa kingine tena.

Funzo lake nalisema wazi, asije mtu akasingizia hakulielewa. Mkiwaweka wengi kwenye mdomo mmoja, majina yatagongana, na atakayeumia hatakuwa yule aliyegonga. Kila timu ipewe eneo lake mapema. Cha pamoja kibebe jina la timu kabla ya jina la kitu. Uliza kama kipo, ndipo uamuru. Na yakishagongana, msimwendee aliyefutiwa kumuuliza kwa nini hakuchagua jina gumu. Mwendeeni aliyejenga mdomo mmoja.

Ngano yangu nimeishusha hapa. Mwenye swali aulize sasa, kabla hajakipa kitu jina.