Mlango wa Mwashi

Ukiazima gitaa, azima na vidole.

Mmemsikia Mama Tunu asubuhi hii akimwambia hivyo yule aliyekuja kuazima cherehani, nanyi mkaniuliza cherehani na gitaa vimekutana wapi. Sikilizeni basi, mwanzo wake ni huu.

Katika kitongoji cha Ilalo, kwenye mashamba ya tumbaku, bibi harusi hakutolewa ndani kwa hodi. Alitolewa kwa gitaa. Bwana harusi alikaa uani akapiga mwenyewe, na mashangazi wa binti wakakaa nyuma ya mlango wakisikiliza. Nyimbo zilikuwa tatu, hazizidi. Wimbo wa tatu ukiisha na mlango haujafunguliwa, bwana harusi alirudi kwao peke yake, akangoja hadi tumbaku ya mwaka mwingine ivunwe.

Mihayo alimchumbia Mwashi. Alikuwa na gitaa alilolichonga mwenyewe kwa ubao wa mninga, na nyuzi zake alizitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Jioni akitoka shambani alipita njia ya kwa kina Mwashi akilipiga taratibu, kama mtu anayeongea peke yake. Lakini harusi ilipokaribia, alilionea haya. Pale Ilalo alikuwapo Mzee Kapela, ambaye akipiga solo watu walisahau sahani zao. Gitaa la Kapela lilikuwa jekundu, la dukani, na amplifaya yake ilikula betri ya gari.

"Siri yake ni vyombo tu," Mihayo aliwaambia wenzake. "Nipeni mimi vyombo vile, muone."

Akaenda kuviazima. Mzee Kapela alimtolea vyote bila kunung'unika.

"Umechukua kila kitu?"

"Kila kitu, babu. Gitaa, waya, amplifaya, hata kiti chako."

Mzee alimtazama mikono. "Haya, mjukuu wangu. Nenda."

Siku ya harusi, saa nane mchana, ua ulijaa watu. Mihayo alikaa kwenye kile kiti akaanza wimbo wa Kapela, kwa mwendo wa Kapela. Vidole vyake vilizoea waya wa breki. Nyuzi za gitaa jekundu zilikuwa laini, naye akazibana kwa nguvu zile zile, kila sauti ikapinda kabla haijatoka. Wimbo ukaisha. Mlango ukabaki kimya.

Kwenye wimbo wa pili akaongeza sauti ya amplifaya. Kuku wakakimbilia nyuma ya nyumba.

"Jamani," Shangazi Nyanzala akauliza kutoka ndani, "huko nje kuna harusi au wanasaga mahindi?"

Watu walicheka. Mihayo akaendelea kupiga. Wimbo wa pili nao ukaisha, komeo halikuguswa. Baba yake aliinamisha kichwa. Ulikuwa umebaki mmoja.

Ndipo Mzee Kapela aliposimama. Mama yake Mihayo alikuwa amekuja na lile gitaa la mninga, amelifunga kwenye kanga, bila kumweleza mtu kwa nini. Mzee akalipokea.

"Natengeneza nyuzi tu, mashangazi," alisema. "Huu msiuhesabu."

Akagusa hapa na pale, hata robo ya wimbo haikufika. Ua mzima ukageuka kumtazama. Ilikuwa sauti ya Kapela, ile ile wanayoijua, inatoka kwenye waya wa breki.

"Huyo ni Kapela," Shangazi alisema. "Kapela ana mke. Akae chini."

Safari hii Mihayo hakusikia hata vicheko. Alilitazama gitaa jekundu miguuni pake.

"Basi mimi sina changu, babu," alinong'ona. "Kumbe sauti haikuwa humu."

"Jioni ukipita njia ya kwa kina Mwashi, huwa unapiga ya nani?" Mzee akauliza, akamwekea gitaa lake mapajani.

Mihayo akaanza wimbo wa tatu. Hakuukimbiza. Ubeti wa kwanza ukapita, mlango kimya. Ubeti wa pili ukapita. Alipofika karibu na mwisho alipunguza mwendo, kwa kuwa baada ya pale hapakuwa na kitu tena. Mle ndani kukasikika mwanamke akikemea, "Kaa, haujaisha."

Kisha sauti ya Mwashi: "Shangazi, huyo namjua."

Komeo likavutwa.

Shangazi Nyanzala alitangulia kutoka, akimshika binti mkono. Alilitazama gitaa jekundu lililolala mavumbini, akamgeukia bwana harusi.

"Nyimbo mbili nzima tumekaa humu tukijiuliza ni nani aliyekuja kuoa. Siku nyingine, mkwe wetu, ukiazima gitaa, azima na vidole."