Viatu vya Magurudumu Alivyoviacha Fisi

Jamani, nianze?
— Anza, tukufuate.
Nikienda mbio?
— Tutakwenda mbio nawe.
Nikiteleza?
— Tutakudaka.
Haya, sogeeni basi. Aliyekalia mguu wa mwenzake aunyanyue, maana hadithi hii inashuka mlima.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakitembea kwa miguu miwili na kuvaa viatu, alikuwepo binti mmoja, Pimbi. Umbo dogo, mkia hana, masikio kama vifungo vya shati. Aliishi na mama yake juu ya Kilima cha Mawe. Mama alilima karanga, na kila siku ya gulio alijitwika kapu akashuka kwenda kuziuza ng'ambo ya mto.

Kutoka kilimani mpaka mtoni palikuwa na barabara moja tu ya lami, nyeusi, laini, imenyooka mpaka darajani. Na katikati ya barabara hiyo alikaa Fisi.

"Barabara hii ya nani?" Fisi alimuuliza kila aliyepita.

"Yako, bwana mkubwa."

"Na mzigo huo?"

"Nusu yako, bwana mkubwa."

Fisi akala nusu yake, kisha akaionja ile nusu nyingine mpaka ikaisha. Wasiotaka kunyang'anywa walipita kichakani, kwenye miiba na upupu. Mama Pimbi alipita huko. Alirudi nyumbani amejaa mikwaruzo, anajikuna kra-kra-kra, na binti yake akimpaka majivu mgongoni huku amefura kwa hasira.

Sasa, gulioni alikuwepo Bi Kanga, muuza mitumba. Siku moja akatangaza kwamba gulio lijalo atafungua belo jipya, na ndani yake mna viatu vya magurudumu, vile vyenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja chini ya soli. Soko zima likanong'ona. Fisi akavimba kifua.

"Kwenye lami yangu, nani atashindana nami kushuka?"

Wote wakatazama vidole vya miguu yao. Pimbi akatoka nyuma ya kapu la mama yake.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba, kokoto."

"Mimi nitashindana nawe. Nikishinda, barabara iwe ya wote."

"Na ukishindwa?"

"Mama yangu atakuletea kapu zima la karanga kila gulio."

Mama Pimbi akakaa chini pale pale aliposimama. Fisi akajilamba.

"Tutaanzia mwamba wa juu," Pimbi akaendelea. "Mshindi ni nani? Atakayetangulia kufika darajani na kusimama?"

"Kufika na kusimama, kufika na kulala, kwangu yote sawa."

"Basi tuseme kufika na kusimama. Bi Kanga, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Bi Kanga. "Darajani. Kufika na kusimama."

Watu walipotawanyika, Pimbi akamwendea Bi Kanga. "Shangazi, mimi magurudumu sijawahi kuyakanyaga. Anayeanza achague vipi?"

Bi Kanga akamtazama kutoka utosini mpaka kwenye kucha. "Kiatu kishike kifundo cha mguu barabara, kisichezecheze, lakini vidole visijikunje ndani. Magurudumu yawe madogo. Makubwa yana mbio, nawe hujajua kuzizuia. Kisigino kiwe na breki. Na usiondoke kwangu bila helmeti, wala bila kinga za magoti, viwiko na viganja, kwa sababu utaanguka."

"Hata nikiwa hodari?"

"Hodari ndio wanaoanguka kwa kishindo."

Pimbi akarudi nyumbani akiwaza. Fisi ndiye huchagua wa kwanza siku zote, kwa ajili ya yale meno yake. Akivichukua vilivyo vizuri, yeye atabaki na nini? Akawaza njiani, akawaza jikoni, akawaza akimenya karanga. Mara akatabasamu, na mama yake akazidi kuogopa.

Siku ya belo ikafika. Bi Kanga akakata kamba, kwata! Vitu vikamwagika. Fisi akawasukuma wenzake akasimama mbele. Pimbi akapenya katikati ya miguu ya watu, akavikumbatia viatu vyenye magurudumu makubwa kama visosi, vinang'aa rangi ya dhahabu, kisigino kitupu.

"Hivi ndivyo nilivyoviota," akasema kwa sauti ya kusikika. "Vina mbio, na havina lile dude la breki la kumchelewesha mtu. Nimevichukua."

"Lete hapa," akasema Fisi. "Nimevichukua mimi."

Fisi akatwaa. Pimbi akanuna.

Kiatu kilikuwa kipana. Mguu wa Fisi ulicheza ndani, chaka-chaka, kama maharagwe ndani ya kopo. Fisi akataka kukivua. Pimbi akasema haraka, "Kweli vinakupwaya. Vivue basi unipe. Mguu wa mwenye nguvu unataka nafasi, lakini kama wewe huviwezi…"

"Nani haviwezi? Hivi hivi ndivyo ninavyovitaka."

Pimbi akanuna tena. Kisha akaokota kofia ya manyoya ya mbuni, laini, ya kupepea. "Angalau nipate hii ya kichwani. Lile lihelmeti la kijani linafanana na sufuria."

"Lete hapa," akasema Fisi. "Nimeichukua mimi."

Fisi akatwaa. Pimbi akanuna mara ya tatu, midomo ikamtoka nje. Bi Kanga akageuka upande, akajifanya anapanga mashati, mabega yakimtikisika.

Fisi alipoondoka na dhahabu yake na manyoya yake, chini palibaki viatu vya kijivu vya magurudumu madogo, vyenye breki kisiginoni. Palibaki helmeti ya kijani. Palibaki na kinga, ngumu kama vigae, ambazo hakuna aliyezigusa. Pimbi akakaa chini akajaribu viatu. Akafunga kamba, akabana bizimu, akasimama, akapinda magoti. Kifundo kikatulia. Vidole vikatulia. Moyo wake ndio haukutulia, kwa furaha.

Kila asubuhi alijifunza kwenye majani mafupi, kisha kwenye sakafu ya kuanikia karanga. Akianguka, pu! Akainuka. Akianguka, pu! Akainuka. Kinga zikachubuka, ngozi yake haikuchubuka. Akajitungia na wimbo:

Goti kunja, macho mbele,
mikono mbele, usishike hewa,
kisigino chini, kwaaa!

Mama yake alisimama mlangoni na ungo. "Mwanangu, watu wanasema umevaa kama kobe."

"Waache waseme, mama. Nitazame."

Akaja mbio, akakandamiza kisigino, kwaaa! Akasimama mbele ya vidole vya mama yake. Mama akapepeta ungo ambao haukuwa na kitu ndani.

Na Fisi? Fisi alivitembeza viatu vyake sokoni akiwa amevining'iniza shingoni, watu wavione. Tangu siku ya belo hakuvivaa tena hata mara moja.

Siku ya mashindano kijiji kizima kilijipanga kandokando ya lami. Bi Kanga alisimama darajani. Juu mwambani Fisi alitikisa manyoya yake, akamtazama Pimbi aliyevaa kinga kila mahali, akacheka mpaka mate yakamtoka.

"Unaogopa kuanguka?"

"Naogopa sana," akasema Pimbi.

Filimbi ikalia. Fisi akajirusha, vuuu! Manyoya yakapepea, dhahabu ikametameta, na kabla Pimbi hajavuka jiwe la kwanza, Fisi alikuwa mbali huko chini. Watu wakashusha pumzi. Mama Pimbi akafumba macho.

Pimbi akashuka, krrr, krrr, magoti yamekunjwa. Akakanyaga changarawe, akayumba, tapu! Akadondokea kinga za magoti na viganja, akaserereka kidogo, akainuka, akaendelea. Wimbo aliuimba kimoyomoyo.

Huko chini mambo yalimgeukia Fisi. Mbio zilizidi kuongezeka. Vifundo vyake vikaanza kupinda, kimoja ndani, kimoja nje. Akaliona daraja linakuja. Akatafuta breki, hakuna. Akatafuta cha kushika, hakuna.

"Nisimamisheni," akasema akimpita Mbuzi.

"Nisimamisheni, jamani," akasema akimpita Bata.

Nani amsimamishe bwana mkubwa? Wote wakapisha. Akalipita daraja, vuuu, kofia ikabaki hewani peke yake. Akaiacha lami. Akaingia kichakani, bu-bu-bu-bu-GUBI, akakaa kitako katikati ya upupu ulioiva.

Halafu, polepole, krrr, krrr, Pimbi akaja na helmeti yake ya kijani. Akaingia darajani. Akakandamiza kisigino, kwaaa! Akasimama wima katikati ya daraja, mikono kiunoni, akihema, kidevu juu.

Kutoka kichakani sauti ikasikika. "Mimi ndiye niliyetangulia kufika."

"Ulifika," akajibu Bi Kanga. "Hukusimama."

"Si nimesimama huku?"

"Huko umekaa. Na si darajani."

Fisi akataka kubisha, lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi, kra-kra-kra. Na kwa kishindo kile mgongo wake uliinama nyuma, na mpaka leo haujanyooka.

Gulio lililofuata, Mama Pimbi alijitwika kapu lake la karanga. Hakupita kichakani. Wala hakupita kando ya barabara. Alipita katikati kabisa ya lami, polepole, kapu limejaa pomoni, naye akamsimamisha kila aliyekutana naye, anayemjua na asiyemjua.

"Umewahi kumwona yule mdogo mwenye helmeti ya kijani?"

"Yule aliyesimama darajani?"

"Huyo," alisema Mama Pimbi. "Huyo ni wangu."

Hadithi imefika chini, mimi nashukia hapa. Kama ilikuwa tamu, ibebeni. Kama ilikuwa chungu, mwachieni Fisi ailambe.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkienda kununua viatu vya magurudumu, chukueni vinavyong'aa kuliko vyote, vyenye magurudumu makubwa, vipwaye vizuri. Breki ni za waoga. Helmeti inaharibu nywele. Na majivu, msiwe na wasiwasi, Mama Pimbi anayo mengi, naye siku hizi hahitaji tena kupakwa.