Jina Moja Kabla ya Adhana

Hapo zamani, mji wa Kiwandeo ulizingirwa na jeshi. Waliokuwa mashambani hawakuwahi kuingia. Wakakamatwa, wakafungwa kamba mbele ya ukuta ili ndugu zao wawaone.

Kiwandeo walikuwa na zinguo lao, kafara ya kuukinga mji. Fahali huzungushwa nje ya ukuta huku siwa, ile pembe kubwa ya ndovu, ikipulizwa bila kukoma. Siwa ikilia, hakuna mkono wa adui unaomgusa fahali wala kiongozi wake. Fahali akirudi langoni huchinjwa, na jini wa lango huuficha mji. Lakini kiongozi akigeuza uso, zinguo limeharibika. Na asiye wa ukoo wa siwa akiipuliza, huwa bubu.

Fahali alibaki mmoja tu, wa mjane Mwana Mize. Binti yake alikuwa kwenye kamba, na adui alikwisha kumwambia: nipe fahali, nikupe binti yako. Mwana Mize akalia sana, kisha fahali akaupa mji.

Aliyemwongoza fahali ni Shekuwe, mchinjaji. Alipowapita mateka, mwanawe akamwita, "Baba, ni mimi. Baba, nitazame." Shekuwe hakugeuka. Mtoto akaita mpaka akachoka.

Na siwa? Wenye ukoo wake, wale mabwana wa majoho, walikwisha kutoroka. Akaipuliza Faida, mtwangaji mpunga, ambaye mumewe alikuwa kwenye kamba ileile. Midomo ikapasuka, damu ikamtiririka kidevuni. Hakupumzika.

Fahali akachinjwa. Adui wakaona vichaka vitupu palipokuwa na mji. Kwa hofu wakaanza kufunga mizigo, waondoke na mateka wao.

Jini akatoka langoni. "Kwa fahali mmoja narudisha mateka mmoja. Nitajieni jina kabla ya adhana ya magharibi. Msipokubaliana, harudi mtu."

Mwana Mize akasema, "Fahali ni wangu. Ningempeleka kule, saa hizi nampikia binti yangu uji."

Shekuwe akasema, "Mama, wewe hukuitwa. Mimi niliitwa, nikanyamaza. Mwanangu atakufa akijua baba yake alimsikia."

Faida akafungua mdomo. Kimya. Akamshika Shekuwe mkono, akamwonyesha mumewe kule kwenye kamba. Akamshika Mwana Mize, akamwonyesha. Watu wakainamisha macho, na wengine, aibu yao, wakajifanya hawakumwona.

Muadhini ameshapanda, mikono iko masikioni. Haya, nyinyi mnaonitolea macho, semeni upesi: nani alistahili kurudishiwa mtu wake?