Mpishi wa Majaribio

Bwana Mbaruku, mwenye hoteli pale Korogwe, hakuwahi kumlipa mpishi. Kila aliyeomba kazi alipikishwa kutwa nzima kwa majaribio, jioni akaambiwa hafai. Zamu ikamfikia Siwema.

"Majaribio hayalipwi," Mbaruku alimwonya.

"Najua, bosi. Ndiyo desturi ya hapa."

Mbaruku akajiendea zake kucheza bao. Siwema akabandika pilau, harufu ikawatoa watu stendi. Hoteli ikafurika mpaka nje.

Jioni Mbaruku alirudi akichekelea, akavuta droo ya mauzo. Tupu!

"We Siwema! Watu wote wale hawakulipa?"

"Niliwaambia ni pilau ya majaribio, bosi. Wamekula mpaka ukoko, halafu wote wakasema haifai."